Kuondoka Nyumbani Baada ya Sekondari: Safari ya Vijana wa Bukoba na Muleba Inayohitaji Maandalizi

Kila mwaka, baada ya mtihani wa kidato cha nne kukamilika mwezi Novemba, vijana wengi wa Bukoba na Muleba huanza kufungasha mizigo. Baadhi yao husubiri matokeo ya mwezi Januari na kuendelea na kidato cha tano au vyuo. Wengine huondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi Mwanza, Geita, Dar es Salaam, visiwani katika Ziwa Victoria, au katika miji midogo ya mkoa wenyewe. Hali kama hiyo hujitokeza katikati ya mwaka kwa wahitimu wa kidato cha sita ambao hawakupata nafasi au uwezo wa kwenda chuo kikuu.

Katika familia nyingi uamuzi huo huchukuliwa kama dalili ya kushindwa, na mzazi hueleza kwa masikitiko kwamba mwanawe “ameenda kutafuta maisha”. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa mkoani Kagera kwa takriban miongo miwili unaonesha kuwa kuhama kumekuwa miongoni mwa njia kuu zilizowaondoa wananchi wa mkoa huo katika umaskini. Ushahidi huo huo unaonesha pia kwamba mafanikio hayakupatikana katika majiji makubwa peke yake, na kwamba gharama ya safari hubebwa na mhamaji na familia yake kwa namna zisizolingana. Kwa sababu hiyo, linalohitaji kutazamwa ni jambo ambalo kijana anaondoka nalo: ujuzi gani, nyaraka zipi na makubaliano gani na watu anaowaacha nyumbani.

Sensa inavyoonesha

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,989,299 katika Mkoa wa Kagera, kutoka watu 2,458,023 waliohesabiwa mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 22 katika miaka 10. Katika kipindi hicho idadi ya watu nchini iliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, sawa na takriban asilimia 37.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa sababu moja. Viwango vya uzazi na vifo vina nafasi yake, na mipaka ya mkoa huo na nchi za Uganda, Rwanda na Burundi hufanya mienendo ya watu kuwa na sura nyingi. Pamoja na hayo, mkoa unaokua kwa kasi ndogo kuliko taifa, ilhali ardhi yake ina rutuba na mvua yake ni ya kutosha katika maeneo mengi, unaashiria kwamba sehemu ya watu wake wanajenga maisha yao mahali pengine.

Kuhama si jambo geni kwa watu wa eneo hilo. Wakazi wa mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria wamekuwa na mahusiano ya kazi, biashara na ndoa na Uganda tangu kabla ya uhuru. Shule za misheni, na baadaye shule kama Ihungo, Nyakato, Kahororo na Rugambwa, ziliwaandaa vijana kwa utumishi katika maeneo mengine ya nchi. Kilichobadilika ni aina ya anayeondoka. Zamani aliyefika sekondari alikuwa miongoni mwa wachache na cheti chake kilikuwa tiketi ya ajira. Tangu kuanza kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, uliosambaza shule za sekondari katika kata, na baada ya Serikali kufuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016 na kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, idadi ya wenye cheti cha sekondari imeongezeka sana. Hayo ni mafanikio makubwa ya kitaifa. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba cheti cha kidato cha nne peke yake hakimtofautishi tena mwombaji wa kazi na wenzake.

Kibanja hakiwatoshi wote

Chanzo cha kuondoka huanzia kwenye ardhi. Uchumi wa kaya za Bukoba na Muleba umejengwa juu ya kibanja, yaani shamba linalozunguka nyumba ambamo migomba, mibuni na maharage hupandwa kwa pamoja. Kibanja hutegemea mbolea ya samadi na matandazo yanayokusanywa kutoka kwenye rweya, maeneo ya nyasi nje ya makazi. Kaya yenye ng'ombe huweza kukitunza kwa vizazi, na isiyo nao huona migomba ikidhoofika mwaka hadi mwaka.

Kwa mila, kibanja hurithiwa ndani ya ukoo na kugawanywa kwa watoto wa kiume. Baba mwenye eka mbili na watoto wanne wa kiume hawezi kuwaachia maeneo yatakayolisha familia nne. Mwenye kuliona hilo mapema ni kijana aliyesoma, kwa kuwa yeye ndiye anayetarajiwa kuwapisha wenzake.

Kwa watoto wa kike hali imekuwa ngumu zaidi. Sheria za kimila za Wahaya zilimzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka Kagera, iliamua kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Sheria imebadilika, lakini mgawanyo wa vibanja katika familia nyingi bado unafuata mazoea. Msichana anayemaliza kidato cha nne bila nafasi ya kuendelea na masomo hujikuta hana shamba la kulisubiri.

Kilimo chenyewe kimepitia misukosuko. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa Kagera katikati ya miaka ya 2000, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuathirika, na kaya nyingi zililazimika kung'oa migomba iliyokuwa chakula na heshima ya nyumba. Bei ya kahawa imekuwa ikipanda na kushuka kwa miongo mingi. Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016 liliua watu, likaharibu maelfu ya nyumba na kubomoa majengo ya shule zikiwemo Ihungo na Nyakato, ambazo zilijengwa upya. Kila pigo la namna hiyo limeipa familia sababu nyingine ya kutaka mtoto mmoja au wawili wapate kipato nje ya shamba.

Utafiti uliofuata familia kwa miaka 19

Kagera ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika yaliyo na kumbukumbu za kina kuhusu yaliyowapata wahamaji wake. Kati ya mwaka 1991 na 1994, kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na watafiti wa Tanzania, kaya 915 za mkoa huo zilihojiwa ili kupima athari za vifo vya watu wazima wakati wa janga la UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 2004 na tena mwaka 2010, watafiti waliwatafuta watu wale wale popote walipokuwa wamehamia, ndani ya kijiji, ndani ya mkoa, katika mikoa mingine na hata Uganda.

Uchambuzi wa Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha watu waliotoka katika kaya moja: aliyeondoka na aliyebaki. Kwa njia hiyo, tofauti za utajiri wa familia au elimu ya wazazi hazikuweza kuficha ukweli. Matokeo yalionesha kuwa kati ya mwaka 1991 na 2004, kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa pointi za asilimia 36 ikilinganishwa na ndugu aliyebaki kijijini.

Takwimu hiyo inapaswa kusomwa kwa uangalifu. Ni wastani, na wastani hujumuisha waliofanikiwa na walioshindwa. Aidha, waliohama katika kipindi hicho waliingia katika soko la kazi lenye wahitimu wachache wa sekondari kuliko ilivyo sasa. Hata hivyo, inatosha kuondoa dhana kwamba kijana anayeondoka bila kupitia chuoni amepotea.

Utafiti mwingine uliotumia kumbukumbu hizo hizo, wa Luc Christiaensen, Joachim De Weerdt na Yasuyuki Todo wa mwaka 2013, uliangalia walikokwenda wale waliotoka katika umaskini. Takriban nusu yao walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia katika shughuli nyingine za vijijini au kuhamia miji midogo. Mmoja tu kati ya saba alitoka kwa kuhamia jiji kubwa. Waliokwenda jijini walipata ongezeko kubwa zaidi la kipato kwa mtu mmoja mmoja, lakini walikuwa wachache. Kwa walio wengi, mlango ulikuwa karibu na nyumbani.

Mji mdogo una nafasi gani

Matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja kwa kijana wa Muleba anayefikiri kwamba maisha huanzia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka kwao. Kamachumu, Nshamba, Muleba mjini, Kemondo na Manispaa ya Bukoba yenyewe ni maeneo yenye karakana, maduka ya pembejeo, mashine za kukoboa, vituo vya bodaboda, saluni, ujenzi wa nyumba na biashara ya samaki. Kipato chake kwa siku kinaweza kuwa kidogo kuliko cha jijini, lakini gharama za kuanza pia ni ndogo. Kijana anaweza kulala kwa ndugu, kupata ndizi kutoka nyumbani na kurudi shambani wakati wa msimu wa kahawa.

Faida nyingine ni ya kiutawala. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 huenda kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi wake na ukarejeshwa mwaka 2024. Mikopo hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa vya wakazi wa halmashauri husika. Kijana aliyebaki Muleba anafahamika kwa mtendaji wa kata na kwa wenzake wa kikundi, ilhali aliyefika juzi katika mtaa wa Mwanza au Dar es Salaam atahitaji muda mrefu kabla ya kuaminiwa na kikundi chochote.

Mazingira ya usafiri nayo yamepunguza umbali. Meli ya MV Victoria ilirejea kufanya safari za Mwanza na Bukoba mwaka 2020 baada ya ukarabati, na Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya vivuko kwa wasafiri wa barabara wanaokwenda au kutoka Mwanza kupitia Geita. Mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga umepita pia katika mkoa huo na kuhitaji mafundi, madereva na wahudumu. Katika miradi ya aina hiyo, mwenye cheti cha uchomeleaji au leseni ya kuendesha mitambo huitwa kabla ya mwenye cheti cha kidato cha nne pekee.

Visiwa vya Muleba, vikiwemo Bumbire, Goziba na Ikuza, ni kivutio cha pekee kwa sababu fedha hupatikana haraka. Wavuvi wa dagaa na sangara hulipwa kwa mgao wa mavuno, hivyo usiku mmoja mzuri unaweza kumpa kijana kipato ambacho kijijini kingechukua wiki kadhaa. Usiku mbaya humwacha na deni la chakula. Kuna hatari ya dhoruba kwa wasiovaa makoti ya kujiokolea, na viwango vya maambukizi ya VVU katika jamii za wavuvi wa Ziwa Victoria vimekuwa juu kuliko vya jamii kwa ujumla. Kijana anayekwenda huko anapaswa kupewa taarifa hizo na familia yake bila kificho, kabla hajapanda boti.

Kalenda inayowaacha wengi nje

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini vijana hao hawaendi kwanza katika vyuo vya ufundi. Mkoa una Chuo cha VETA kilichojengwa kwa msaada wa Serikali ya China eneo la Burugo, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, na kufunguliwa mwaka 2022. Muleba ina Chuo cha VETA Ndolage. Ada ya kozi za muda mrefu katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa mwanafunzi wa bweni, mbali na gharama za vifaa na sare. Ada ya kutwa haipishani sana na nauli ya basi la daraja la kawaida kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam.

Sehemu ya jibu ipo kwenye kalenda. Muhula wa kozi za muda mrefu huanza Januari, na maombi katika miaka ya karibuni yamekuwa yakipokelewa kati ya Agosti na Oktoba. Wakati huo mwanafunzi wa kidato cha nne yupo katika maandalizi ya mtihani, na wazazi wake wana matumaini ya kidato cha tano. Matokeo yanapotangazwa mwishoni mwa Januari na kuonesha daraja la nne au chini yake, masomo ya VETA yameshaanza. Kijana anakabiliwa na karibu mwaka mzima wa kusubiri. Katika mwaka huo wa kukaa bure nyumbani ndipo rafiki aliyetangulia Mwanza anapopiga simu.

Kwa kuwa kozi nyingi za VETA hazihitaji matokeo ya kidato cha nne, familia inaweza kuomba nafasi mapema bila kuathiri haki ya mtoto kuchaguliwa kidato cha tano iwapo atafaulu. Hiyo ni taarifa rahisi, lakini haiwafikii wazazi wengi kwa wakati. Wakuu wa shule, maofisa elimu kata na vikao vya wazazi vya mwezi Agosti na Septemba vina nafasi ya kuifikisha. Kwa waliokwisha kupitwa na muhula, kozi fupi zinazotolewa katika nyakati mbalimbali za mwaka zinaweza kujaza pengo hilo.

Wenye ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne wanaweza pia kuomba ngazi ya cheti katika vyuo vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Serikali imepanua mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa baadhi ya fani za stashahada katika vyuo vya kati. Ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam eneo la Itahwa, Kata ya Karabagaine, chini ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unalenga kusogeza elimu ya chuo kikuu karibu na kaya ambazo gharama ya kumpeleka mtoto mbali ndiyo iliyokuwa kikwazo.

Ujuzi unaopatikana njiani

Kwa wale watakaoondoka bila kupitia chuoni, mlango wa mafunzo haujafungwa. Kijana anayejifunza ufundi magari katika gereji ya Mwanza au useremala Geita anaweza, baada ya uzoefu, kupimwa na kutambuliwa kupitia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi nayo imekuwa ikigharamia mafunzo ya uanagenzi kwa vijana katika fani mbalimbali. Cheti kinachopatikana kwa njia hizo humwezesha fundi kuomba kazi katika kampuni na miradi mikubwa.

Kinachowakwamisha wengi ni kutokuwa na kumbukumbu. Fundi aliyefanya kazi miaka minne bila barua yoyote ya mwajiri wala picha za kazi zake huanza maelezo upya kila anapohama. Ni vyema kijana ajenge tabia ya kuomba barua fupi ya uthibitisho kutoka kwa kila fundi mkuu au mwajiri anayefanya naye kazi.

Nyaraka na ulinzi wa mhamaji

Kagera ni mkoa wa mpakani, na uhakiki wa uraia kabla ya kutolewa kitambulisho cha Taifa hufanyika kwa umakini. Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na majirani wanaoifahamu familia ni mashahidi wa kwanza wa uraia wa kijana. Akiwa mbali, kuwapata ni vigumu. Kutafuta cheti cha kuzaliwa na kuanza maombi ya kitambulisho kabla ya kuondoka humwepusha na usumbufu, kwa kuwa bila namba ya kitambulisho cha Taifa hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na anakuwa na wakati mgumu kufungua akaunti ya benki au kuajiriwa rasmi.

Wasichana wanaoitwa kufanya kazi za nyumbani wanahitaji tahadhari ya ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya umri wa miaka 14 na kumweka aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari, na amri ya kima cha chini cha mshahara inawahusu pia wafanyakazi wa majumbani. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Kusafirisha Binadamu ya mwaka 2008 inamhusu yeyote anayemchukua mtu kwa ahadi za uongo ili kumtumikisha. Mzazi anayemkabidhi binti yake kwa wakala au jamaa wa mbali anapaswa kujua jina kamili la mwajiri, mtaa anakoishi na mshahara waliokubaliana, na ofisi ya kijiji ijulishwe. Kwa matukio yanayohusu watoto, namba ya simu 116 hupokea taarifa bila malipo.

Mzigo wa wanaoondoka na wanaobaki

Utafiti wa Kagera una jambo lingine linaloigusa kila familia. Uchambuzi wa Joachim De Weerdt na Kalle Hirvonen, uliochapishwa mwaka 2016, ulibaini kwamba nyumbani panapotokea maafa, wahamaji huwasaidia waliobaki, lakini msaada haurudi kwa kiwango kile kile mhamaji anapopatwa na shida. Kwa maneno mengine, kijana aliyeondoka huwa bima ya kaya nzima, wakati yeye mwenyewe hana bima.

Huduma za kutuma fedha kwa simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, zimeurahisisha msaada huo na kuufanya udaiwe kila siku. Kijana anayepokea maombi ya karo, dawa na michango ya misiba tangu mwezi wa kwanza hushindwa kununua vifaa vya kazi au kulipia mafunzo ambayo yangeongeza kipato chake. Familia inayompa mwaka mmoja wa kujijenga kabla ya kuanza kumtegemea hupata zaidi baadaye. Makubaliano hayo yanafaa kufanywa nyumbani, kabla ya safari, mbele ya wazazi na ndugu zake.

Yapo pia masuala ya wanaobaki. Kibanja kinachoachwa kwa wazee hupungukiwa na mikono ya kuweka matandazo, kukata majani na kuondoa migomba yenye mnyauko. Kituo cha TARI Maruku kinaendelea na utafiti wa migomba, na wagani wanashauri usafi wa zana na kuondoa maua dume mapema. Kazi hizo zinahitaji nguvu ya vijana, au fedha zinazotumwa na vijana kwa ajili ya kibarua. Familia inayopanga safari ya mtoto isipopanga pia nani atatunza kibanja, hupoteza kimoja kwa kutafuta kingine.

Miaka michache iliyobaki

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014 Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan mapema mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10 na kuanzisha mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika sekondari. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali walianza kidato cha kwanza mwaka 2024 na watamaliza kidato cha nne mwaka 2027 wakiwa na ujuzi wa fani pamoja na cheti cha sekondari.

Mwaka huo huo wa 2027, wanafunzi wa darasa la sita wa mtaala mpya na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani watahitimu elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza. Ina maana kwamba mwishoni mwa mwaka 2031 shule za sekondari, zikiwemo za Bukoba na Muleba, zitatoa wahitimu wa kidato cha nne wengi kuliko ilivyowahi kutokea. Sehemu kubwa yao haitakwenda kidato cha tano, na wengi wataondoka nyumbani.

Halmashauri zina miaka michache ya kuandaa taarifa za nafasi za mafunzo kufika shuleni kabla ya Oktoba, kuimarisha mikopo ya vijana katika miji midogo na kuwawezesha wahitimu kupata vitambulisho kabla hawajatawanyika. Wazazi nao wanaweza kuanza mwaka huu, kwa kumuuliza mtoto aliye kidato cha nne anataka kufanya nini, na kuchukua fomu ya chuo cha ufundi wakati bado dirisha la maombi liko wazi.